Mama Mkwe Alizungumza na Miguu Yangu

Gari langu lilianza kukoroma mwezi wa sita. Mwanzoni lilikoroma kwa adabu, kama mzee aliyesinzia kanisani. Halafu siku moja, natoka Kamalondo narudi nyumbani Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, Kongo, likapiga paa! Tangu hapo likawa linanguruma kiasi kwamba wanafunzi wangu walinisikia nikiwa bado avenyu ya tatu, wakapata muda wa kuficha simu, kufuta ubao na kukaa kama malaika.

Nikalipeleka kwa fundi. Hata chini hakulala. Aliinama tu, akasikiliza, akasema gasketi imekufa, ile pete inayokaa pale ambapo bomba la moshi linaloshuka kutoka injini linakutana na bomba linalokwenda nyuma.

"Pale kuko buloni mbili tu na resori zake," akasema. "Dola makumi ine."

"Bolti mbili, dola 40?"

"Hapana, mwalimu. Buloni zenyewe ni dola mbili. Ile makumi tatu na munane ni ya kuzitoa."

Nikacheka, nikaondoka. Kile kicheko, leo natamani nirudi nikakiokote pale nilipokiangusha.

Mimi nafundisha kemia katika sekondari. Kutu ni somo langu. Nipe chaki nikuchoree ubaoni jinsi chuma, maji na oksijeni vinavyokutana na kuzaa kutu, na jinsi kutu hiyo inavyotaka nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, hivyo huvimba katikati ya meno ya bolti na nati hadi vikabane kama maharusi. Naweza pia kukuambia kwa nini bolti za bomba la moshi ndizo sugu kuliko ndugu zake wote: kila siku zinapikwa, zinapoa, zinarushiwa maji ya madimbwi, zinapikwa tena. Na gari langu, kama mengi hapa Lubumbashi yenye usukani upande wa kulia katika nchi inayoendesha upande huohuo wa kulia, limetoka Japani, ambako sehemu za theluji humwagiwa chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chuma, maji na chumvi. Mtihani mzima wa darasa la tano ulikuwa chini ya gari langu. Sikukosa elimu. Nilikosa mkono.

Nikaenda mjini kununua vifaa. Bolti mbili mpya zenye springi zake, pete ya gasketi, na muuzaji akanisukumia kikopo cha mafuta ya shaba: ukipaka kwenye meno ya bolti kabla ya kuifunga, shaba inakaa katikati, chuma na chuma havishikani tena, na siku nyingine itatoka bila matusi. Kikopo chenyewe kilikuwa kama cha dawa ya midomo, kina maandishi ya Kijerumani, na bei yake ilizidi ya bolti zote mbili. Nikasimama nacho nje ya duka. Kule mbele naliona lile bomba refu la kiwanda cha zamani cha shaba, mita 153 kwenda juu, na kando yake kile kilima cheusi cha makapi ya tanuri. Mji huu umezaliwa 1910 kwa ajili ya shaba, tumeichimba mpaka mashimo yamekuwa maziwa, na hapa mkononi mwangu kuna punje chache za shaba zilizokwenda ng'ambo zikarudi ndani ya kikopo, kama kijana aliyesoma Ulaya na siku hizi hataki bukari, ugali wetu. Nikalipa.

Kilichoniharakisha ni mama mkwe. Alikuwa anakuja Jumamosi kutoka Likasi, safari ya kilomita kama 120, basi lake lifike saa kumi jioni, na mimi nikampokee kituoni. Sikutaka apande gari linalonguruma.

Kwa msomaji wa mbali, lazima nieleze kidogo. Katika ukoo wa mke wangu, mama mkwe na mkwe hawachezi. Ukikutana naye njiani unapisha. Huli mbele yake. Humtazami usoni, naye hakutazami. Akitaka kukwambia kitu anapitia kwa mtoto, hata kama wewe mwenyewe umekaa hatua mbili. Kuna familia mjini zimekwisha legeza hayo, mkwe na mama mkwe wanacheza karata. Yetu bado. Na jambo lililo baya kupita yote ni mama mkwe kuona mapaja ya mkwe wake. Hilo halimalizwi kwa samahani. Hilo linaitisha kikao, na kikao kinaitisha mbuzi.

Kuhusu mbuzi, mimi tayari nina historia. Tutafika.

Ijumaa jioni nikaazima kriki kwa jirani yangu muuza makala, ndiyo mkaa, nikainua gari, nikaliwekea magogo mawili mazito ili lisinifanye chapati, nikaingia chini na spana ya 14. Bolti zenyewe sikuzitambua mara moja. Zilikuwa mbili, rangi ya kahawia ya udongo, zimevimba, na magamba yake yakaniangukia machoni nilipozigusa tu. Nikazimwagia dizeli. Nikasubiri. Nikavuta. Nikazimwagia mafuta ya breki. Nikasubiri. Nikavuta mpaka mgongo ukalia kwa niaba ya bolti. Nikakumbuka fizikia ya jirani zangu wa chumba cha walimu, nikachomeka bomba la chuma kwenye mkono wa spana ili urefu uongeze nguvu. Nguvu iliongezeka kweli: spana ikateleza, na bolti ya kushoto, iliyokuwa na pembe sita asubuhi, ikabaki na pembe mbili na nusu.

Mke wangu akatoka na taa. "Inaenda?"

"Inaanza kusikia," nikasema.

Jumamosi asubuhi nikarudi vitani. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Nilivaa bukta yangu ya zamani, nyeusi na nyeupe ya Mazembe, ambayo imepasuka nyuma na mke wangu ameniapia mara mbili kwamba ataifanya kitambaa cha kudekia. Fulana sikuvaa, ilikuwa kiangazi, vumbi lile jekundu la mwezi wa saba linaingia kila mahali, nikaona heri nioshe ngozi kuliko nguo. Chini ya gari nilibaki nje kuanzia kiunoni. Miguu miwili, magoti mawili, mapaja mawili, bukta moja isiyotosha.

Saa sita mchana nikasikia lori likisimama getini, mlango ukipigwa, mtu akimshukuru dereva, kisha sauti ambayo naifahamu kama mwanafunzi anavyofahamu kengele.

"Odi! Batoto ba kwangu, muko?"

Mama mkwe. Saa nne kabla. Amepata lifti ya mpwa wake.

Ukiwa chini ya gari mambo ya kufanya ni machache. Nilitaka kuvuta miguu ndani, lakini upande wa pili kulikuwa na ukuta, na kifua changu kilikuwa kimebanwa chini ya bomba. Nikasikia kandambili zake zikikaribia. Zikasimama. Kimya. Nikajua anaitazama miguu yangu, yote, hadi ilipoishia bukta.

"Fundi," akasema. "Uko na kazi?"

Sijawahi kumpenda mtu kwa neno moja kama nilivyompenda yule mama kwa neno lile. Fundi! Basi mimi ni fundi. Mapaja ya fundi hayana kikao.

Nikashusha sauti hadi tumboni, nikaikwaruza kama mtu anayevuta tumbaku tangu uhuru. "Ndiyo, mama. Kazi iko."

Mke wangu akatoka jikoni mbio. Nilimwona kuanzia vifundoni: miguu yake ilisimama ghafla, ikatazama miguu yangu, ikatazama ya mama yake. Ndoa yetu ina miaka tisa, na sidhani tumewahi kuelewana haraka namna ile.

"Karibu, mama. Huyu ni... fundi. Mwalimu amekwenda kwenye mkutano shuleni."

"Jumamosi?"

"Mkutano wa dharura."

Mtoto wetu wa miaka sita akaja akikimbia, akasema, "Koko! Koko! Ba—" kisha sauti yake ikazibwa na kitu, nadhani kipande cha mkate.

Nilitegemea mama mkwe aingie ndani apumzike. Hakuingia. Aliomba kiti. Akakiweka kivulini, na kivuli cha ua ule wote kipo mahali pamoja tu, chini ya mwembe, hatua moja kutoka kwenye magoti yangu. Akaketi, akapumua, akaanza mazungumzo na miguu.

"Hii motokari iko na nini?"

"Tiyo ya moshi, mama. Buloni zimekataa."

"Haiwezi kukosa. Mwenyewe iko mutu ya namna hii pia." Akasogeza kiti. "Unamujua mwenyewe?"

"Kidogo, mama."

"Mukwe yangu. Alisoma kemia ku iniversite ya Kasapa, miaka na miaka. Lakini kuwasha mbabula ya makala, anaita mutoto."

Nikavuta spana kwa hasira. Haikusogea.

"Mutu muzuri," akaendelea, na hapo nikatulia kidogo. "Haleweki. Hapigi bibi. Lakini mikono, fundi! Mikono yake ni ya kushika chaki tu. Na wakati alikuja kuoa, unajua alileta nini?"

Nilijua. Mungu wangu, nilijua.

"Alileta mbuzi yenye kukohoa! Ilikohoa tokea getini mpaka wazee walipokaa. Baba ya mutoto akiongea maneno ya heshima, mbuzi: kho! Mujomba akiitika: kho! Tuliichinja siku ileile, tukiogopa isitangulie yenyewe."

Mtu ana mipaka yake. Mbuzi yule nilimnunua mimi, kwa mshahara wangu, na alisafiri juu ya lori kutoka Katuba hadi Likasi katikati ya kiangazi.

"Pengine ilikuwa vumbi ya njia, mama," nikasema.

Kiti kikaacha kulia.

"Unajua namna gani ilikuja na njia ya vumbi?"

"Mbuzi... mbuzi zote zinakuja na njia, mama."

Akafikiri. Nikasikia akivunja karanga. Baadaye, kama mtu aliyechoka kusubiri, akauliza swali ambalo nalikumbuka hadi leo.

"Fundi, kichwa ya buloni inaangalia wapi?"

"Inaangalia mbele, mama. Ku injini."

"Na wewe uko mbele yake ao nyuma yake?"

"Nyuma, mama."

"Sasa uko unaona uso yake ao mugongo?"

"Mugongo, mama."

"Na unaizungusha kama mutu anayeona uso?"

Nikanyamaza. Pale gizani, chini ya ile chuma, nikaona mambo yote kwa mpigo. Kanuni ya kufungua ni kwenda kinyume cha saa, ndiyo, lakini kinyume cha saa kwa mtu anayetazama kichwa cha bolti. Mtu aliye nyuma yake saa inageuka. Tangu Ijumaa jioni, kwa dizeli, kwa mafuta ya breki, kwa bomba la kuongezea nguvu, kwa jasho la mwanamume mzima mwenye shahada, nilikuwa nakaza.

"Ndiyo, mama," nikasema kwa sauti ndogo iliyosahau kukwaruza.

"Marehemu bwana yangu alikuwa mu karakana ya reli. Alisema buloni yenye kutu unaikaza kidogo kwanza, ndipo unailegeza." Akatema ganda la karanga. "Wewe umeikaza ya mwaka muzima. Sasa rudia."

Nikageuza upande. Haikutoka, lakini kwa mara ya kwanza ilitoa mlio, kii, mdogo, kama panya anayeomba msamaha.

"Imesikia," akasema kabla sijasema mimi. "Iache kwanza. Motokari iwake. Ipate moto. Wee mutoto yangu, uko na buji mu nyumba?"

Buji ndiyo mshumaa, na katika nyumba ya Katuba ambayo umeme wake una tabia zake, mshumaa haukosekani. Mama akatoa maagizo akiwa ameketi: gari liwashwe hadi bomba lichemke, kisha lizimwe, na kabla halijapoa fundi aguse bolti kwa ncha ya mshumaa. Nta itayeyuka na kunyweka yenyewe ndani ya meno, mahali dizeli baridi ilipokataa kuingia. Mimi mwalimu wa kemia nilikuwa nafundisha kila mwaka jinsi kimiminika kinavyopanda katika mrija mwembamba, na sijawahi hata siku moja kufikiria kwamba bolti nayo ni mrija mwembamba.

Tatizo lilikuwa moja: gari likiwaka, hakuna anayebaki chini ya bomba lililopasuka gasketi. Moshi ule unaua bila kupiga hodi.

"Fundi, toka kwanza," mama mkwe akaniamuru.

"Natokea huku, mama," nikasema, nikaanza kujivuta kuelekea ukutani kama nyoka aliyepigwa. Nafasi kati ya gari na ukuta ilikuwa ya kuku mwembamba. Nikapita. Ngozi ya mgongo nyingine ilibaki. Nikachuchumaa kule nyuma ya gurudumu, matofali mgongoni, mke wangu akawasha, na lile gari likanguruma hadi majani ya mwembe yakadondoka. Jirani muuza makala akachungulia juu ya ukuta, akaniona nimejikunja chini yake na bukta yangu.

"Mwalimu, kuko nini?"

Nikaweka kidole mdomoni. Nikaonyesha upande wa pili wa gari. Akanyoosha shingo, akaona kitambaa cha kichwa cha mama mkwe, akaelewa kila kitu, na kichwa chake kikashuka polepole kama jua la jioni. Kisha nikasikia, nyuma ya ukuta, mtu mzima akicheka huku ameziba mdomo kwa gunia.

Gari likazimwa. Nikarudi chini. Joto lilinipiga usoni kama nimefungua sufuria. Nikasogeza mshumaa kwenye bolti ya kulia, na hapo nikaona kitu ambacho sitakisahau: nta haikudondoka. Ilimetameta, ikatambaa kuzunguka shingo ya bolti, halafu ikazama. Ikafuka moshi mwembamba wenye harufu ya sakristia. Nikarudia mara tatu. Nikaweka spana, upande wa kweli safari hii, nikavuta.

Kii. Kiii. Halafu ikaanza kuzunguka. Nilipoitoa nje na kuishika mkononi, imenyooka, moto, meno yake yote yapo, nilitamani kuiita jina.

Ya kushoto, ile ya pembe mbili na nusu, haikuwa na pembe za kushikwa. Spana ya 14 iliizunguka tu ikicheka.

"Imeviringika, mama," nikakiri.

"Weka soketi ya 13."

"Ni buloni ya 14, mama."

"Ilikuwa ya 14. Umekwisha kuila. Kamata 13 yenye pembe sita, hapana ile ya pembe kumi na mbili, uipige na nyundo mpaka iingie. Itakata pembe mupya yenyewe."

Nikaweka ya 13. Nikapiga nyundo. Mara ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu nikapiga kidole gumba.

Sasa, mtu anayepigwa kidole gumba halii kwa sauti aliyoazima. Analia kwa ile aliyozaliwa nayo.

"Mamaaa wee!"

Ua wote ukanyamaza. Hata yule wa nyuma ya ukuta akaacha kucheka.

"Fundi," mama mkwe akasema polepole. "Iyo sauti. Kama ya mukwe yangu."

"Watu wa Katuba, mama," nikasema nikirudisha mkwaruzo huku machozi yakinishuka masikioni, kwa sababu ukilala chali ndiko yanakokwenda. "Sote tunalia namna moja."

"Aa," akasema. Akavunja karanga nyingine.

Bolti ya pili ikatoka imeng'ang'ania ndani ya soketi, na mpaka leo imo humo. Sikuitoa. Nina soketi ya 13 yenye kitu mdomoni.

Kurudisha ni rahisi kusimulia, kwa hiyo nasimulia haraka, ingawa kuliniua. Unaweka pete mpya, unapaka meno ya bolti mafuta ya shaba kidogo, unainua bomba likae juu ya pete, unaingiza bolti na springi, unakaza huku mara mbili, kule mara mbili, ili bomba likae sawa lisiegemee upande. Springi zipo ili bomba lipate kucheza kidogo injini inapotikisika. Yote hayo yanataka mikono mitatu, na mimi nilikuwa na mmoja na nusu. Bomba likaniangukia kifuani mara ya kwanza. Mara ya pili likanipata paji la uso.

Mama mkwe akaita aletewe mwiko. Si ule mdogo wa mboga, ule mkubwa wa kusongea bukari ya msiba. Nikaona mkono wake ukiingia chini ya gari, umeshika mwiko, ukapita karibu na sikio langu, ukaweka ubapa wa mti ule chini ya bomba na kulinyanyua. Vidole vyake vilikuwa umbali wa punje ya mahindi kutoka kwenye bega langu. Nilijikunja. Sikupumua. Nilikaza bolti mbili bila kupumua, huku mbili, kule mbili, mkwe na mama mkwe chini ya bomba moja la moshi, na mababu wa pande zote mbili bila shaka wamefumba macho.

"Washa," akasema.

Mke wangu akawasha nikiwa tayari nimejivuta kando. Sikusikia kitu. Nilidhani limezimika. Halafu nikasikia njiwa.

Mama mkwe akainuka, akajikung'uta maganda. Kabla ya kuingia ndani akainama, na noti ya franka 10,000 ikateleza chini ya gari, ikasimama karibu na pua yangu. "Ya kunywa munkoyo, fundi. Mwenyewe akirudi atanirudishia."

Mlango ulipofungwa nyuma yake niliruka ukuta kwa jirani. Sikuwa nimeruka ukuta tangu nikiwa na miaka kumi na minne, na nilianguka upande wa makala. Jirani akanimwagia ndoo tatu za maji, akanipa sabuni ya kufulia, suruali yake ya harusi na koti linalotosha walimu wawili. Nikazunguka avenyu nzima ili niingie kwa geti la mbele, nikitembea kwa hatua za mtu aliyetoka mkutanoni, mkono wa kushoto ndani ya koti, kwa sababu kidole gumba kilikuwa kimekwisha kuwa na ukubwa wa ndizi.

Mama mkwe alikuwa ameketi sebuleni, uso ameuelekeza dirishani kama desturi inavyotaka. Nikasimama mlangoni, uso nimeuelekeza kabatini. Tukasalimiana, yeye na dirisha, mimi na kabati.

"Mwambie baba yako," akamwambia mtoto, "fundi alikuja. Alifanya kazi."

"Baba, fundi alikuja," akasema mtoto, na mdomo wake ukaanza kutetemeka kwa kicheko.

"Mwambie nashukuru," nikasema.

"Mwambie mimi nilimulipa. Falanga 20,000."

Nikaganda. Elfu ishirini? Ile noti ilikuwa mfukoni mwangu, elfu kumi, nimeisoma kwa jicho moja chini ya gari! Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama dari. Nifanye nini? Niseme ni elfu kumi? Nimejuaje, mimi niliyekuwa mkutanoni?

Nikatoa ile ya elfu kumi, yenye alama nyeusi ya kidole changu katikati na harufu ya mshumaa. Nikamwomba mke wangu elfu kumi nyingine, akanipa kwa uso wa mtu anayehesabu. Mtoto akazibeba kwa bibi yake kwa mikono miwili. Mama mkwe akazipokea bila kugeuka. Ile safi akaikunja. Ile chafu akaifungua, akainua juu kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akafunga zote mbili kwenye pindo la kitenge chake na kukaza fundo, upande wa kweli.

"Mwambie baba yako," akasema, bado anatazama nje, "kile kidole akitie mu mayi ya moto na chumvi."

Mtoto akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Kisha umwambie, bado ya buji."